Kivuli Kimeelekea Rumonge, Baba

Baba yangu,

Ulisema ningoje mwezi wa tano. Nimengoja, umefika, na yaliyotokea siwezi kumwambia mtu mwingine kwa kirefu kabla yako. Mama ameniita mezani mara mbili, nimemjibu nakuja, na bado niko hapa uani nyuma ya duka, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, nakuandikia kwa penseli yako ile nene ya kuwekea alama mbao. Nimeshaivunja ncha yake mara mbili. Si huzuni, usiogope. Ni furaha, Baba, na sijui niiweke wapi.

Niruhusu nianze na ugomvi wetu, maana bila huo hakuna habari.

Unakumbuka mwezi wa kwanza, ulipokuwa umehamishiwa kitanda sebuleni ili uone mlango wa duka na kuwapigia kelele wauzaji bila kuinuka. Mimi nilikuwa nakaa miguuni pako na kompyuta mapajani, tunatengeneza ile tovuti yetu ya kuwafundisha watoto wa Bujumbura habari za jua: lina nini ndani, madoa yake meusi yanatoka wapi, vyombo vinavyotumwa huko vinafikaje bila kuyeyuka. Wewe ulikuwa unagusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya sambusa, unaniuliza kwa nini jua langu halizunguki. Nikifuta kioo, unagusa tena. Mpaka leo kuna alama moja pembeni sijaifuta.

Na daftari zako nyekundu zilikuwa kando ya mto. Tangu kabla sijazaliwa, kila siku jua likikaribia utosini, ulikuwa unawaacha wateja na misumari yao kwenye mizani unatoka uani, kwenye ile nguzo ya chuma, kutazama kivuli. Unangoja kifupike, kisimame, kianze kurefuka tena. Hapo ndipo unasema zawali imepita, adhuhuri imeingia. Unakwaruza alama kwa msumari sakafuni, unapima kwa tepu, unaandika urefu na upande, kisha unaenda kutawadha. Wateja walikuwa wamekuzoea. Jirani wa duka la vitambaa ndiye aliyekuwa anakuchokoza, kwamba saa za swala ziko kwenye simu siku hizi, na wewe unamjibu: "Simu iko inaniambia. Mi nataka kuona."

Upande uliuandika kwa namna yako. Kivuli kikielekea kusini uliandika R, Rumonge. Kikielekea kaskazini uliandika C, Cibitoke. Nilipoanza kuingiza hesabu zako kwenye ukurasa wa kivuli, nikaona miezi mingine ina C, mingine R tupu. Nikashtuka. Kitabu nilichosomea sekondari kina mchoro ninaoujua kwa moyo: saa sita mchana jua liko kusini, kivuli kinaanguka kaskazini. Michoro yote niliyoikuta mtandaoni ilikuwa hivyohivyo. Nikadhani umechanganya. Nikadhani, nisamehe, kwamba ulikuwa unaandika bila kutazama, au ulikuwa umeligeuza daftari.

Nikakuambia umekosea. Halafu, kwa kiburi changu, nikatoka uani saa sita ile kuhakikisha. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimelala juu ya mifuko ya saruji kuelekea Cibitoke, hakina shaka. Nikarudi ndani natembea kama askari wa gwaride. "Baba, umeona? Kaskazini. Kitabu kinasema kweli."

Hukukasirika. Hilo ndilo lililoniuma baadaye. Wewe, uliyeweza kugombana na mtu nusu saa kwa sababu ya msumari mmoja uliopinda! Ulicheka kidogo, ukakohoa, ukasema: "Ngojea mwezi wa tano, mutoto. Utakuja kuniambia." Kisha ukageukia ukuta.

Nilidhani ni homa inayosema. Usiku huohuo nikageuza R zako zote kuwa C. Amri moja tu ya kompyuta, Baba, hata dakika haikuisha. Wiki chache baadaye ukatutoka. Mwezi wa tatu jua likapita sawasawa juu ya vichwa vyetu, na hapa nyumbani hakuna hata mmoja aliyetoka kulitazama. Nilikuwa nawapokea watu wa tanzia, nao wananisifu kwa tovuti ninayokutengenezea kwa heshima yako. Heshima gani! Nilikuwa nimeyafuta macho yako.

Sasa sikiliza.

Espérance, yule rafiki yangu wa lise, sekondari yetu, uliyekuwa unamwita Madame Maswali, sasa anafundisha shule moja ya Musaga. Mvua zilipoisha akaniambia nilete tovuti darasani kwake, wanafunzi wake wawe wa kwanza kuijaribu kabla haijafunguliwa kwa shule nyingine. Nikaenda na kompyuta yangu, simu tatu, na betri kutoka dukani maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Watoto thelathini na kitu, kompyuta moja. Unaweza kufikiria viwiko.

Tulianza na ukurasa wa chombo cha kwenda juani, ule uliokuwa unaupenda. Mtoto anachagua unene wa ngao, anachagua apunguze mwendo kiasi gani, anakirusha. Kuna kijana anaitwa Bukuru, kwao ni Ruziba, baba yake anavua samaki, akakiita chombo chao Mukeke, jina la samaki wa ziwa letu. Mukeke wa kwanza akaenda na ngao nyembamba. Akawaka moto kabla ya kufika, na darasa zima likapiga kelele: "Madame, Mukeke imeshaiva!" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mukeke wa pili walimpa mwendo mkubwa kabisa ili awahi, akalipita jua mbali, akapotea. Hapo nikawaeleza kwa maneno yako, kwamba dunia yenyewe inakimbia nasi tuko juu yake, kwa hiyo anayetaka kuangukia jua lazima apunguze mwendo kwanza, la sivyo anasukumwa mbele kama mtu aliyeruka kutoka kwenye basi linalotembea. Wakaelewa papo hapo! Wote wamewahi kuruka. Mukeke wa nne alipita karibu na jua, ngao nene, mwendo mdogo, akatuma picha. Walimpigia makofi samaki yule kama mwanariadha.

Kisha tukafungua ukurasa wa kivuli. Kazi ilikuwa rahisi: kompyuta inasema kivuli cha saa sita kitaelekea wapi, wao wanatoka nje na mti wa ufagio uliosimamishwa kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, wanahakikisha. Nikawapa onyo lako kama lilivyo: "Apana angalia jua. Angalia kazi yake." Wakatoka na Espérance. Mimi nikabaki ndani nachomeka simu kwenye betri.

Nikasikia ghasia. Wakarudi mbio, mbele yao msichana mmoja mwembamba, Divine, rula mkononi, amekunja uso kama aliyeibiwa. Hakuniamkia, alielekeza rula kwenye kompyuta. "Madame, ordinateur yenu iko inasema uongo. Kivuli iko huku, ku Rumonge."

Unajua nilifanya nini, Baba? Nilitabasamu. Nikawaambia polepole, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba labda wamekosea kaskazini, hata watu wazima hukosea, twende niwaonyeshe. Nikatoka nao wote nyuma yangu.

Kivuli kilikuwa kimelala chini, kifupi, cheusi, kimenyooka kuelekea Rumonge.

Nililigeuza kopo. Kweli, mbele ya watoto wale wote nililishika kopo la rangi nikalizungusha, kana kwamba kivuli kingezunguka nalo. Kikabaki palepale. Nikatazama ziwa liko wapi, nikatazama milima iko wapi, nikahesabu mkono wa kulia na wa kushoto. Divine amesimama juu yangu na rula yake. Ndipo nikakusikia, wazi kabisa, kama uko nyuma ya ua: ngojea mwezi wa tano, mutoto.

Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu jeupe. Nikalia. Nikacheka. Watoto wakaogopa, mmoja akakimbia kuniletea maji. Sikuweza kuwaeleza, nikawa nasema tu, "Baba alikuwa anaona, Baba alikuwa anaona."

Espérance ndiye aliyewaeleza, akichora kwa kijiti. Kwetu hapa, karibu na mstari wa katikati ya dunia, jua halikai upande mmoja. Miezi mingine saa sita linapita kusini, kivuli kinaenda Cibitoke, kama nilivyokiona mimi mwezi wa kwanza. Kisha linavuka juu yetu linahamia kaskazini, na kivuli kinageuka Rumonge. Waliochora kitabu changu hawakusema uongo. Walichora kivuli cha uani kwao, huko mbali kaskazini. Mimi niliyezaliwa hatua kumi kutoka kwenye nguzo yako nilichukua kivuli cha kwao nikakifuta cha kwetu.

Jioni ile nilizitoa daftari nyekundu sandukuni. Karatasi haisikii amri ya kompyuta, alhamdulillahi. Nikazirudisha R zako zote, na sikutumia amri. Moja moja, kwa mkono, mwezi kwa mwezi, miaka yote. Ilinichukua siku tisa. Kidole kiliniuma na sikutaka kipone haraka. Nilikuta vitu nisivyovijua: siku ya mawingu uliandika "leo jua imekataa". Siku niliyozaliwa uliandika urefu wa kivuli, R, na chini yake, "mutoto musichana, sauti kubwa". Baba! Hata siku ile ulitoka kupima.

Tovuti imefunguliwa sasa. Juu ya ukurasa wa kivuli limeandikwa jina lako, na chini yake jina la Divine, maana yeye ndiye aliyenisahihisha. Nimeongeza sehemu ambapo kila shule inaingiza kivuli cha uani kwake na urefu wa mti walioutumia, kompyuta inavilinganisha na vyako. Ruziba wameanza, Bukuru amewasumbua hadi wakaanza, wanatumia kasia. Kuna msichana wa Kinindo anapima kivuli cha mwavuli wa bustani, anatuandikia Kifaransa kirefu cha adabu. Na wote, Baba, hesabu zao zinaangukia kwenye mstari wako. Mwezi huu wote ni R. Kila ikiingia R mpya nasimama kwenye kiti, Mama anauliza kama nimeumwa na nge.

Leo asubuhi nikamwomba kaka Khamis anisaidie kuhamisha mifuko ya saruji iliyorundikwa hapa uani tangu ulipougua. Alinung'unika, unamjua, alikuwa na mpango wa kuweka vigae. Tulipoondoa mfuko wa mwisho, Mama akamwaga maji, akasugua na ufagio wa chelewa. Zikatokea. Alama zako za msumari, mamia, nguzo iko katikati, nyingine zimeenda Rumonge na nyingine Cibitoke, pande mbili, mbele ya macho yangu maisha yangu yote. Khamis alivua viatu, akazizunguka, akaenda kuwapigia simu watu wa vigae wasije.

Nisamehe, Baba. Nimekuja kukuambia, kama ulivyosema nitakuja. Ulikuwa na ukweli, na mimi nilikuwa na kitabu.

Nakuahidi hili: mtoto akiniambia kompyuta yangu ni mwongo, nitatoka nje kutazama kabla sijafungua mdomo. Na jingine. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi jua litarudi juu yetu, siku ile ambayo ulikuwa unasimama uani mikono kiunoni na kujisifu kwa wapita njia, "Leo mi niko mutu bila kivuli." Espérance atawaleta watoto wote hapa. Divine ameshasema rula yake ndiyo itakayotumika. Nimeangalia daftari zako zote: siku hiyo hukuandika R wala C. Uliweka nukta tu, kila mwaka nukta moja.

Pumzika, Baba, Mwenyezi Mungu akupe nafasi na mwanga huko uliko. Mama ameita mara ya tatu na sasa anatumia jina langu lote. Ukurasa wa mwisho wa daftari lako una nafasi. Mwaka huu nukta nitaiweka mimi.

Binti yako mwenye sauti kubwa,
Salma