Kwako Papa Alphonse, Uliyeanzisha Disques Asubuhi

Mwaka umezunguka tangu ututoke, papa, na tunakuandikia tangazo hili la gazeti mlango ukiwa umefungwa.

Tonton Désiré, ndugu yako, alitaka tungoje. "Askari bado iko mu barabara," alisema. "Mukitia jina yake mu gazeti, watarudi." Tunaogopa, papa. Gari likisimama nje, mama anazima taa.

Lakini tukinyamaza, nani atasimulia kazi yako? Makampuni makubwa ya santuri yalitaka nyimbo za dansi peke yake. Wewe ulipenda violoni, kinanda cha kanisa na kwaya. Mwaka 1952 ulianzisha Disques Asubuhi, kampuni yako ndogo ya santuri, katika chumba chetu cha kulia, ukatundika mablanketi ukutani ili kelele za njiani zisiingie. Mashine ya kurekodi ikizunguka, sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa.

Hukuwa mkali. Mwimbaji akikosea, ulimwambia, "Bon, ni mashine ndiyo ilikosea. Tuanze tena."

Santuri ya mwisho ilikuwa Misa uliyoitunga mwenyewe. Kwaya ilikuja kila Jumapili, madirisha yakafungwa kwa ajili ya sauti. Mtu akapeleka habari kwa askari kwamba kwetu kunafanyika mikutano ya siasa.

Wakaja wanaume watatu. Mkubwa wao akauliza, "Nani wanakutana hapa?"

"Waimbaji."

"Taja majina!"

Ukaingiza mikono mfukoni. "Hapana, monsieur. Wote iko na watoto."

Wakakuchukua. Ulirudi umekonda, unakohoa damu, na ulipokufa hatukuthubutu kulia kwa sauti. Kwaya haikuja kukuzika. Hatuwalaumu, nasi tungekuwa wao, tungejificha.

Misa yako imetoka, papa. Binti yako Colette alimalizia kazi ya rekodi ulizoziacha, santuri zikatengenezwa Ulaya, zikafika kwa meli. Tuliipiga Jumapili, sauti chini kabisa, Colette amesimama dirishani anatazama njia. Ilipoisha, sote tulikuwa na jasho. Mama akasema, "Rudisha mwanzo."

Tangazo hili tulitaka kulitia sahihi ya "Familia" tu, basi. Mama akakataa. "Mimi naogopa zaidi yenu wote," alisema. "Lakini andikeni majina."

Ni sisi: mke wako Berthe, watoto wako Colette, Hélène na Benoît, na ndugu yako Désiré, aliyekubali mwishoni.

Tukiwa na hofu au bila hofu, papa, hatutakusahau kamwe.