Mhimili Hauko Katikati

Jumatatu, 7 Machi 1988

Umeme umekatika saa nne, kazi yote ya asubuhi imepotea. Mara ya tatu! Nachora bushi mpya ya pampu ya mgodini, ile pete ya bronzi inayoshika mhimili. Katika ordinateur, kompyuta mpya ya ofisi, kila kipande unakichora peke yake, kisha unaiambia mashine: hiki kikae hapa, uso kwa uso, kati kwa kati. "Karibu hapo" haielewi.

Haraka ni ya kweli. Bushi ya zamani imelika, pampu inavuta nusu tu, mvua haikomi, na mdogo wangu Chileshe yuko kule chini. Maji magotini. Mji mzima umejengwa juu ya shaba, na bronzi nene imebaki kipande kimoja. Tukikosea, hakuna kingine.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Hotuba, makofi, Fanta ya moto.

Mchana vipande vikakaa. Mhimili katikati kabisa! Chef Mwenze, mkuu wa ofisi yetu ya michoro, aliita watu waje kutazama, kama vile kazaa yeye. Ndipo akaingia mzee Kapya, fundi wa pampu, na duara la katoni alilokata mwenyewe kule chini kwa kufuata pampu, tundu la mhimili limetobolewa ndani yake. Akaliweka juu ya kioo cha mashine.

— Mama Numbi, ile axe haiko mu kati. Tuliishushaka kiloko mu soixante-dix-huit. Vita ilikuwa, pièces hakuna.

Chef akacheka: eti mhimili ulishushwa kidogo mwaka 78, kwa sababu ya vita na kukosa vipuri! Wiki sita za mafunzo Liège, Ubelgiji, na sasa anaijua pampu kuliko aliyeilea.

Jumatano, 9 Machi

Nimeomba kushuka nikapime mwenyewe. Wamekataa. Eti mwanamke akikanyaga mgodini, madini yanakimbia. Jana tulikuwa mama wa taifa.

Basi napima kwenye katoni tundu limeshuka kiasi gani. Asubuhi, milimita mbili. Jioni, tatu! Katoni imekunywa unyevu, imevimba. Nilitaka kulia, nikaishia kuwagombeza watoto.

Alhamisi, 10 Machi

Nilishusha mhimili milimita mbili na nusu. Mashine ikapaka nyekundu, eti vipande vinalana. Bila shaka: inajua pampu ya Wabelgiji, si pampu yetu. Chef akafuta, akaurudisha katikati. Nikamwambia mhimili utasuguliwa upande mmoja, siku mbili utavunjika, na ndugu yangu yuko chini. Akajibu kila mtu ana ndugu chini. Nikatoka kumtafuta Kapya.

Kapya anashuka kesho na kipande cha bati, akate duara upya. Bati halinywi maji.

Ijumaa, 11 Machi

Naandika nimesimama, karakana ya kukereza.

Kapya alipanda saa nane, matope hadi kifuani, bati chini ya koti. Nimepima mara tatu: milimita 2.7. Chini, na kushoto kidogo. Ningejuaje hiyo kushoto? Nimechora upya kwa wino, kwa mkono, ordinateur ibaki na nyekundu yake. Chef hayupo, yuko kwenye mkutano wa chama. Lakini kabla ya kuondoka alishasaini mchoro wake na kumpa Liévin, anayekereza. Nimefika, bronzi tayari imebanwa kwenye mashine yake, inazunguka.

Nikampa mchoro wangu. Akatafuta saini ya chef na muhuri.

— Yako tu, mama? Mi nafwata karatasi yenye cachet.

Nikageuza bati. Nyuma, Chileshe ameniandikia, mimi dada yake, kwa chaki: Yaya, maji iko ku kiuno.

Liévin amesoma. Amesoma tena. Ameifuta mikono, akasema anaenda kumtafuta chef kwanza, nisiguse kitu. Mashine ameiacha inazunguka, na mchoro wa chef umebandikwa juu yake. Kisu hakijagusa bronzi bado.

Kapya amefunga mlango. Anauliza kama naweza kusoma vipimo kwa sauti, yeye macho yamechoka, ila kukereza alijua kabla Liévin hajazaliwa.

Nimefungua mchoro wangu, nimesema: mbili nukta saba, chini.