Mafuta ya Taa Nimekopa Mimi, Kitambaa Amenyimwa Mume Wangu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba unisome mpaka mwisho maana mimi nikianza kusema sina breki, majina nimeyageuza lakini hapa Ipuli watanijua tu. Mume wangu Shaban ni fundi cherehani, kitambaa huchukua mali kauli kwa tajiri wa jumla pale mjini, anashona, anauza, ndipo analipa, miaka yote hawajagombana. Sasa mafuta ya taa, sukari na chumvi nakopa mimi dukani kwa Mzee Mabruki kwa jina la mume wangu, na mwisho wa mwezi Shaban ananipa hela nikalipe, na mimi, Mungu anisamehe, nazipeleka kwenye chama chetu cha ngoma, maana kila harusi tunavaa kanga za sare na mimi ndiye wa mbele, nitavaaje ya mwaka jana wenzangu wanichambue? Mzee Mabruki akinidai namtania, tunacheka, mwisho nikaanza kupita uchochoro wa nyuma.

Kumbe na yeye bidhaa zake anatoa kwa tajiri yuleyule, akaulizwa mbona unachelewa kulipa, akasema nyumba ya Shaban fundi hainilipi. Ramadhani hii Shaban kaenda kuchukua bafta ya kanzu za Idi, kaambiwa lete taslimu, bila maelezo. Wateja wakahamia kwa fundi Selemani, rafiki yake tangu jando, na Shaban akashikilia kwamba Selemani ndiye kamchongea kwa tajiri. Juzi mama yake Selemani kafariki, Shaban hakwenda kuzika. Mimi nilikwenda, Selemani akanifuata macho mekundu, akasema, "Shemeji, nimemkosea nini Shaban?" Nikamwambia ana homa, na watu wa msiba wanasikia. Mimi huyu ninayejua ya kila nyumba.

Na cherehani mume wangu keshaipatia mnunuzi wa Igunga, anaichukua baada ya Idi, halafu Shaban anasema atajiandikisha manamba akakate mkonge Tanga, na umri wake ule. Nikisema ataniacha. Nikinyamaza, je, hawawezi kupatana wenyewe?

Mama Maua, Ipuli, Tabora

Mama Maua,

Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika msibani. Hawatapatana, maana anayejua sababu ni wewe na umenyamaza. Kuogopa talaka si jambo dogo, nakuonea huruma. Lakini ulidhani deni la sukari ni la kwako na mzee wa duka, mkishacheka basi. Ulikopa kwa jina la mumeo, na jina hilohilo ndilo analochukulia kitambaa. Wenye maduka wanaulizana, bibi, kuliko hata ninyi wa ngoma.

Mwambie leo, akishafuturu, na usitafute mtu wa kukusemea. Kanga za sare uza zote, hela mpelekee Mzee Mabruki mkiwa wawili. Haitatosha, kwa hiyo mkubaliane kiasi cha kila wiki, alipe Shaban kwa mkono wake, wewe hela ya duka usiishike tena. Kisha mwombeni mzee amwambie tajiri kwamba mmeanza kulipa. Msitegemee jibu upesi, kanzu za Idi hii zimekwenda. Cherehani isitoke, kama mtu wa Igunga katoa arubuni, arudishiwe.

Kwa Selemani tangulia wewe, useme mbele ya hao hao waliokusikia ukisema homa. Mama yake amezikwa bila Shaban. Hilo sina ushauri nalo.