Ulinisamehe Hewani

Ruangwa,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Kwako kaka yangu Harithi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua cha wifi Yasmini kimepoa tangu mvua zilipokatika. Watoto nawabusu wote, hata yule mdogo ambaye bado sijamwona. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Nurdini anakusalimu. Yuko kwenye kupulizia mikorosho, anarudi nyumbani wa manjano kwa unga wa salfa mpaka nyusi.

Tangu Jumamosi najaribu kukuandikia. Siku ile nilikuwa nyuma ya madarasa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nikiwaonesha setilaiti ndogo za redio ya ridhaa. Hawakuamini kwamba kitu kisichozidi boksi la viatu, kinachopita huko juu kwa dakika kumi tu, kinaweza kupokea sauti ya mtu na kuirudisha ardhini, nchi nyingine kabisa. Antena niliitengeneza kwa vipande vya tepu ya chuma ya kupimia ya fundi, kama alivyotufundisha marehemu Mwalimu Alfred tulipokuwa tunajiandaa wote wawili kwa mtihani wa leseni ya redio.

Setilaiti ilipochomoza upande wa kusini, nilimsikia mtu wa Afrika Kusini akiagana na mwenzake. Kisha nikakusikia wewe. Ulitaja jina la kituo chako, ukasema uko Nachingwea, unamwita yeyote anayekusikia.

Haikuwa mara ya kwanza, kaka. Mwaka mzima nimekuwa nikikusikia Jumamosi, nashika redio mpaka sauti yako inazama, nisijibu. Safari hii wanafunzi walikuwa wananitazama, na mmoja akauliza mbona mwalimu humjibu. Nikabonyeza.

Nilitaja kituo changu. Halafu ukanipa taarifa kama ambavyo ungempa mgeni yeyote: tano na tisa, nasikika safi. Nami nikakurudishia hivyo hivyo. Miaka mitatu hatujasemeshana, tangu tumzike Mama bila wewe. Kati yetu ni kilomita kama hamsini tu, na ikabidi neno letu la kwanza lipitie huko juu.

Setilaiti ilipoanza kuzama na sauti yako kukwaruza, ukasema: “Zuhra mdogo wangu, siku ile ulinitafuta, najua. Mtandao ndio uliotukosesha. Nilikulaumu bure, na kinyongo nimekitoa. Nisamehe.”

Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilizima redio bila kukuaga.

Pale nisingeweza kukujibu, maana njia ile inasikika na kila mtu, na kwenye simu ningelia nikakata. Ndiyo maana naandika, na Prisila, mwalimu mwenzangu anayekuja huko, atakukabidhi mkononi.

Siku ile sikukutafuta. Mtandao wa Mkotokuyana, ulikokwenda kupulizia dawa, haukuwa na kosa lolote. Hali ya Mama ilipobadilika asubuhi ile ya Ijumaa nilishika simu, jina lako likiwa mbele yangu, nikaiweka chini. Ulikwishasema akizidiwa utamrudisha nyumbani Naipingo, alikozikwa Baba, na mimi nilitaka abaki huku kwangu. Nilikuwa nimemuuguza miezi miwili, nikamwona ni wangu peke yangu. Nurdini aliponiuliza, nilisema hupatikani. Watu wakaamini, nami nikawaacha wakuseme kwamba ulizima simu. Yule kijana wa bodaboda aliyekuletea habari nilimtuma kwako tukiwa tumeshatoka makaburini.

Kuna jingine, nalo ndilo zito zaidi. Karibu na adhuhuri Mama aliuliza kama umeambiwa. Nikamjibu kwamba uko njiani. Akaomba tumgeuze aelekee mlangoni. Tukamgeuza. Hakulalamika tena, alitazama mlango, uso wake umetulia, mpaka pumzi ilipokatika. Alikufa akikungoja, hakufa akikulaumu. Hilo lilikuwa lako, na nimelificha muda wote huu.

Ule msamaha wako siwezi kuushika, maana ulimpa mtu aliyekutafuta, na huyo si mimi. Sikuombi unijibu upesi. Lakini ukitaka kuja hata kwa ajili ya kaburi tu, njoo. Nurdini atakupeleka, na mimi nitakaa ndani mpaka umalize.

Nisalimie wifi, uwasalimie na majirani wa Naipingo. Mungu akupe afya, na akupe moyo wa kuisoma barua hii mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Zuhra