Hatua Sita Kutoka Relini

Jumanne, 6 Mei

Karatasi ya tisa imejaa. Nimepiga mistari ya karatasi ya kumi kabla hata ya chai. Kalamu ya buluu, rula ya mbao, kama nilivyofanya miaka yote ya ualimu.

Tunataka treni ya abiria irudi kwenye reli ya zamani, Mombasa hadi Mazeras. Hilo tu. Nyasi zimefika kiunoni, mataruma yanaibwa, na watu wanazeekea kwenye foleni ya malori. Bwana Ochieng, mwenyekiti wetu, alikuwa gadi wa treni hadi alipostaafu. Anazungumza mno. Mimi ni katibu. Ninaandika.

Leo Shimanzi, kwa Mama Kadzo. Anauza mahamri na mbaazi kwa wapakiaji wa maghala, kando kabisa ya reli. Hutoka kwake Mazeras alfajiri, hurudi jioni, na nusu ya uhai wake inaishia barabarani. Yeye ndiye wa kwanza kutia sahihi. Kisha akawavuta wenzake, kibanda kwa kibanda. Bila yeye tungekuwa na karatasi mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Ombi letu la mwaka jana lilirudishwa. Eti majina ni ya kubuni. Ya kubuni! Mimi, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kuigiana kazi! Hadi leo sijapoa.

Kwa hiyo nimeongeza safu mpya: mahali pa biashara, na ni hatua ngapi kutoka relini. Wajue kuwa hawa ni majirani wa reli, si mizimu. Mama Kadzo amepima mwenyewe, viatu mkononi, wateja wakimcheka. Hatua sita. Nikaandika sita.

Mafundi wawili wa pancha, walio ng'ambo ya reli, wamekataa kutia sahihi. Hawapendi kuandikwa, walisema. Nikawaona wajinga.

Jumatatu, 19 Mei

Tumepeleka ombi afisi ya reli. Afisa kijana alifunua kurasa taratibu, akasema hajapata kuona kazi nadhifu hivi. Nimejivuna njia nzima hadi nyumbani Kibokoni. Uzee na sifa! Nikajinunulia halua, nikala peke yangu.

Jumatano, 11 Juni

Barua imekuja. Wamekubali. Bwana Ochieng alinisomea kwa simu, akapiga kelele, akalia. Na mimi nikalia kidogo. Alhamdulillahi.

Jioni ameniletea nakala. Ina aya ya pili ambayo hakunisomea. Njia itasafishwa kwanza. Vibanda vyote viondoke.

Sijala.

Alhamisi, 12 Juni

X nyekundu, kwenye kila kibanda cha upande wa Mama Kadzo. Wanaume watatu walipita asubuhi na ndoo ya rangi. Niliwakuta wakimalizia. Mmoja ameshika nakala ya karatasi zetu. Niliijua mistari yangu kabla ya kuyasoma majina. Hawakupima chochote. Waliita jina, wakasoma hatua, wakapaka.

Wamewapa hadi mwisho wa mwezi. Mafundi wa pancha wamepewa miezi mitatu. Wao hawamo katika orodha yoyote, kwa hiyo lazima mpimaji aje kwanza.

Mama Kadzo anadhani ni bahati mbaya tu. Ameniomba nimwandikie barua ya kuomba muda, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nikasema nitaandika. Sikusema lingine. Mwoga mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Kikao cha kamati, nyumbani kwa Bwana Ochieng, Buxton. Nimetaka tuliondoe ombi. Mwenyekiti akafoka: "Mwalimu, watu wote wa Mazeras wakose treni kwa sababu ya vibanda kumi na viwili?" Nikamwambia aende akayaseme hayo Shimanzi. Tumetupiana maneno mabaya. Nimemwita mbinafsi mbele ya mkewe.

Kinachoniudhi zaidi: hata mimi bado naitaka treni.

Jumanne, 17 Juni

Afisini. Kijana yule yule wa sifa. Nikaomba wenye vibanda nao wapewe miezi mitatu kama mafundi wa pancha. Akatoa karatasi, akaweka kidole kwenye safu yangu. Wamekiri wenyewe, anasema, tena kwa sahihi zao, kwamba wako ndani ya ardhi ya reli. Aliyekiri hangojewi mpimaji.

Alisema kwa heshima zote, akaniita mama. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Mama Kadzo. Nilingoja wateja wapungue. Nikasema safu ile niliiongeza mimi, hakuna aliyenituma, na ndiyo iliyowaponza. Akaendelea kugeuza mahamri mpaka karai likaisha. Kisha akasema, "Hatua nilihesabu mwenyewe, Mwalimu, kwa miguu yangu. Lakini uliyesoma ni wewe. Mbona hukujiuliza zaenda kwa nani?"

Niliporudi nyumbani nikaivunja rula. Upuuzi mtupu. Rula haikukosa kitu.

Alhamisi, 26 Juni

Barua tatu nimeandika za kuwaombea muda. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Bwana Ochieng hapokei simu yangu.

Jumatatu, 30 Juni

Mama Kadzo hakungoja tingatinga. Nilipofika alikuwa ameshang'oa mabati yake na kuyafunga kamba. Nikashika upande mmoja. "Wacha, Mwalimu," akasema, wala si kwa ukali. Mwenye mkokoteni akayapakia.

Tingatinga limekuja saa nne. Robo saa tu, vyote vimelala chini. Wanawake walisimama ukutani mwa ghala na masufuria yao. Niliwajua wote kwa majina, na hatua zao. Hakuna aliyenilaumu. Nilitamani hata mmoja anipigie kelele.

Jumamosi, 30 Agosti

Treni ya kwanza leo. Nimepanda. Bwana Ochieng alikuwa behewa la mbele, amevaa tai. Tuliamkiana. Hatukukaa pamoja. Watu walipiga vigelegele tulipong'oa nanga. Shimanzi tumepita polepole, na pale palipokuwa na vibanda pamemwagwa kokoto. Mazeras tumefika upesi hata sikuwa tayari.

Nimeuliza njia, nikaelekezwa kwa Mama Kadzo. Yuko uani, anapukuchua mahindi. Akanipa kigoda na maji. Tangu siku ile hajarudi mjini. Hana pa kuuzia, aende kufanya nini. Alisema hivyo bila kunitazama.

Nikaomba radhi tena. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Nikachukua hindi, nikapukuchua naye.

Baadaye sana akaniuliza habari za treni. Yaondoka saa ngapi asubuhi. Kama viti ni vya mbao. Kama mwanamke hupata pa kukaa. Kama chini ya viti pana nafasi ya kuweka beseni.

Nikamwambia nafasi ipo, ya kutosha.

Akachukua hindi jingine.