Jibu Nililoandika Kwenye Fomu

Shangazi mpendwa,

Nakuomba barua hii isitoke mikononi mwako. Usimsomee mtu huko Kigoma ulikorudi, hata Bibi. Baba hajui kwamba ninakuandikia, na kazini hawajui nilichofanya.

Unajua mimi ni karani hospitalini huku Uswidi. Ninapanga mafaili na kuandika barua za miadi. Ghorofa ya juu yetu wapo watafiti wa ubongo. Walitafuta watu wa kujitolea, nikajitokeza. Mtafiti, mama mmoja mpole, akaniuliza kama kuna mtu wa familia yetu aliyewahi kupata ugonjwa wa akili. Nikajibu upesi, "Hapana." Nikaliandika jibu hilo kwenye fomu na kutia sahihi. Unakumbuka Baba alivyotufundisha nyumbani pale Hallonbergen, wageni wakibisha hodi nawe umejifungia chumbani, unajibizana na sauti tusizozisikia? "Semeni Shangazi ana presha. Amelala." Nilikuwa na miaka tisa, na jibu hilo nililijua kuliko jina la mtaa wetu.

Ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo nilipewa mchezo. Picha mbili, uchague moja. Ukipatia, nyota inawaka. Nilipoizoea picha yenye nyota, wakageuza kanuni bila kuniambia, nami nikaendelea kuchagua ile ya zamani, mara nyingi mno. Nilipotoka nikauliza, kama natania, wanatafuta nini. Akasema hatari ya ugonjwa wa kusikia sauti hurithiwa kwa kiasi fulani, na kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa, hata wakiwa wazima, huenda ubongo wao ukapokea zawadi, kama ile nyota, kwa namna tofauti kidogo, na kuchelewa kidogo kujifunza mambo yanapogeuka.

"Lakini hayo tunayaona kwenye makundi," akasema. "Mchezo mmoja hauwezi kumwambia mtu atakuwa nani." Kisha akanishika bega. "Na wewe usijali, uko katika kundi la wasio na hatari."

Nilishindwa kumtazama.

Nimeogopa, Shangazi, sitakuficha. Lakini kila nikiogopa nakuona wewe. Uliniambia dawa zimenyamazisha sauti ila hamu haikurudi. Chai haina ladha, na vicheko unavisikia kama vya nyumba ya jirani. Hata hivyo kila alfajiri ulivaa viatu ukaenda kusafisha ofisi za Sundbyberg. Nilikuuliza kwa Kiswidi unawezaje, kama hakuna kinachokufurahisha. Ukanijibu kwa Kiswahili, "Miguu haingojei furaha, mwanangu. Ikija itanikuta njiani."

Na lile darasa la Kiswidi. Neno walilolishika wenzako kwa siku moja, wewe ulilibandika kwenye friji, kwenye kioo, kwenye sabuni, wiki nzima. Jumapili moja Baba alirudi kutoka kanisani na karatasi yenye neno la Kiswidi la "mlango" mgongoni.

"Dada, umenifanya mimi mlango?"

"Kaka, tumebisha miaka mingi. Hufunguki."

Hata yeye alicheka. Nawe ulifaulu mtihani ule. Kile walichonipima mimi kwa dakika chache, kuendelea kujifunza nyota isipowaka, wewe ulikifanya kwa miaka, na hakuna aliyekupigia makofi. Nasi tulikuita presha.

Sasa jibu langu limeniweka katika kundi lisilo langu, na linawapotosha watu wanaojaribu kuuelewa ugonjwa uliokutesa. Nataka kulirekebisha. Huenda nikapoteza kazi. Kinachonizuia zaidi ni kwamba siwezi kusema ukweli wangu bila kusema wako, na wako si mali yangu. Jina lako halitaandikwa. Wataandika "dada wa baba", basi.

Usimpigie Baba. Nitumie ujumbe wa sauti kwa namba yangu ile ile, Jumamosi kabla ya adhuhuri, yeye akiwa Hallunda kwenye mazoezi ya kwaya. Ukikataa, nitaomba majibu yangu yafutwe, sitatoa sababu, na heshima yangu kwako haitapungua. Ukikubali, huna haja ya kueleza chochote. Sema tu, "Niandike," na Jumatatu asubuhi nitapanda ghorofa ile.

Anayekustahi,
Mtoto wa kaka yako