Jina Nililoliita Mkahawani

Amu

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Kaka Athumani, aliyeko Mvita.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu nataka kwanza kujua kifua chako: bado kinakubana ukipanda ngazi? Na wifi yangu, miguu yake imepoa? Sisi huku viwiliwili ni vizima, alhamdulillahi. Mengine utayasoma mwenyewe.

Barua yako imenifika. Umesikia huko kwamba nduguyo ameingia mkahawani mtana kweupe, mbele ya wanaume, ukaniuliza kama nimerukwa na akili. Sikurukwa. Niliingia, na nitakwambia kwa nini, maana waliokuletea habari wamekuletea pumba, mchele wamebakisha kwao.

Mpwa wako, mwanangu wa kwanza, sasa ana miaka kumi na minne na kimo kimenipita. Chuoni alikhitimu Kurani mapema, tukawapikia watu pilau. Skuli ndiyo iliyomshinda. Hesabu zilipokuwa ngumu akaanza vituko: leo tumbo, kesho kichwa. Nikimsema, hunijibu ameegemea mlango, "Mama, baba hakusoma skuli na anajenga majumba." Kweli babake ni mwashi, na wakati huu yuko Kiunga anajenga ghala, kuja kwake ni kwa nadra. Mkono mmoja haulei mwana, Kaka, na huu wangu mmoja wenyewe hauna ruhusa ya kutoka nje.

Asubuhi humwona akipita chini ya wikio letu, kile chumba kilichovuka juu ya ndia. Tangu mdogo, akifika hapo huinua uso, nami humtupia kaimati dirishani. Basi nikimwona amepita, daftari kwapani, naridhika. Kumbe kwenye pembe ya msikiti hukata kushoto akaenda kwenye mkahawa wenye santuri! Amekuwa mtia ufunguo wa santuri yao. Kutwa yuazungusha, sahani ya nyimbo ikiisha aweka nyingine, malipo yake kahawa na maneno ya vijana wasio na kazi.

Aliyeniambia ni mke wa mwalimu, tukianika nguo darini. "Bi Fatuma, mwanao skuli haonekani. Bwana asema asipotokea leo kabla ya adhuhuri, nafasi yake apewa mwana wa mwingine." Leo, Kaka! Nimtume nani? Nilimwendea mavyaa, mama wa mume wangu, nikamwomba amwite jirani yeyote mwanamume aende akamtoe. Akasema, "Mwache, huo ni ujana, utampita." Nikavaa buibui nikatoka.

Buibui halina jina. Lau ningemvuta nikanyamaza, pangesemwa mwanamke fulani, yakaisha. Lakini mkahawa umejaa, santuri yalia, naye amenipa mgongo kule ndani kabisa. Ilinibidi nimwite. Na nimwite nani? Wajua jina lake ni la marehemu baba mkwe wangu, nami mkamwana wake, kwa heshima, tangu niolewe sijalitia kinywani. Nyumbani nilikuwa na jina moja tu la kumwita, la tangu alipoota jino kabla ya wenziwe. "Kijino!" nikapiga ukelele. "Kijino, toka humo!"

Santuri ikazimwa. Wallahi kile kicheko bado nakisikia. Mmoja akasema, "Kijino, mamako akwita ukanyonye!" Mwanangu akageuka, uso umemwiva, akanipita, akaenda skuli moja kwa moja. Nafasi yake hakuikosa.

Basi niliyoyataka yote nimeyapata. Skuli hakosi hata siku. Mkahawani hakanyagi, maana akitokeza tu wamwimbia jina hilo. Mwalimu asifiwa kwa kumnyoosha, mimi nasemwa. "Mwanamke wa nyumba hini hatoki ndiani mtana, sembuse kuingia penye wanaume," asema mavyaa, na kila mgeni amkubalia. Babake ameagiza nisimguse mtoto mpaka arudi. Nimguse vipi? Shikamoo yake aipeleka kwa nyanyake tu. Chakula changu akila aupa ukuta uso. Na majirani wote wanijia na samaki wao wa kukunjwa angali mbichi, wala hapana hata mmoja aliyekuja kunisaidia kumkunja. Nimechoka, Kaka. Nina hasira mpaka usingizini.

Nawe uliye mjomba wake, usiniandikie tena habari za heshima ya baba yetu. Ukiwa na wino wa ziada, mwandikie mpwa wako.

Nisalimie wifi, na mwanao mkubwa na mkewe. Shangazi yetu aliyenifunza kuandika mwambie mkono alioushika bado waandika.

Nilitaka kukomea hapo, lakini kuna la jana. Alipita chini ya wikio hakuinua uso, ndiyo desturi yake sasa. Nilikuwa na kaimati mkononi, za moto. Nikasema liwalo na liwe, nikafungua dirisha nikamwita kwa jina lake, lile la babu yake, ndia nzima ikasikia. Nyuma yangu mavyaa akasema, "Astaghfirullah!" Mtoto akasimama. Nikasema moyoni, haya baba, inua uso. Akahamisha daftari kwapa la pili, akaenda zake skuli.

Mimi nduguyo,
Fatuma